Kuteremka Kutoka Lushoto

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi za kona na mabonde. Tunapopanda tunapita maporomoko ya Soni, watoto wakichungulia dirishani. Hatari, akina mama wenzetu, iko katika kurudi. Anayekanyaga breki mteremko mzima huzipasha moto kupita kiasi. Mafuta ya breki yakichemka, pedeli huzama na gari halisimami. Kwa hiyo tunaingiza gia ndogo tangu juu, injini ilizuie gari. Kwenye gari la otomatiki tunaweka 2 au L. Tukisikia harufu ya kuungua, tunasimama mahali pa usalama hadi breki zipoe. Mombo tutachelewa kidogo, lakini tutafika sote.