Foleni ya Mosoriot

Benchi la kituo cha afya cha Mosoriot lilikuwa limelainika kwa kukaliwa. Asubuhi, ukungu ukiwa bado chini, lilikuwa limeshajaa: akina mama na watoto mgongoni, wazee wa makoti mazito na gambuti, masweta yanayonuka moshi wa kuni. Barabarani makanga walikuwa wakiita, "Kapsabet, Kapsabet! Eldoret, mmoja!" Na hakukosekana mtu aliyebeba kibuyu cha maziwa ya mursik, harufu yake ikipambana na ile ya dawa ya kupigia sakafu deki.

Kogo, nyanya yangu, nadhani alilipenda benchi lile kuliko dawa zenyewe. Hapo ndipo alipojua ng'ombe wa nani amezaa na binti wa nani amerudi kwao. Muda ulikuwepo tele, kwa kuwa kila chumba kilikuwa na rejista yake, daftari kubwa lililochakaa pembe, na jina la mgonjwa liliandikwa upya kila alikoingia.

Februari 2001 zikaja kompyuta. Zilikuwa mbili, zimeunganishwa kwa waya, zina visogo vikubwa kama mitungi, na betri za sola pembeni, maana kwetu stima ilipotea mvua ikinusa tu. Zililetwa na madaktari wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana, Marekani.

Siku ya Kogo kusajiliwa nilisimama nyuma yake. Karani, kijana mpole, aliuliza jina, kijiji, kisha akafika penye shida.

"Nyanya, ulizaliwa lini?"

"Mwaka wa nzige."

Vidole vikasimama juu ya kibodi. "Nzige wa lini? Si walikuja mara nyingi?"

Kogo akaanza hesabu. Dada yake alikuwa ameota meno, baba yao alikuwa hajahama bondeni, mtama wote uliliwa. Foleni nzima ikaingilia, mzee mmoja akabisha kwamba hao walikuwa nzige wa pili. Mwishowe wakakubaliana 1931. Siku na mwezi havikupatikana, karani akaandika Januari mosi, na Kogo akawa amezaliwa Mwaka Mpya.

Alipewa namba yake na karatasi moja yenye visanduku, aende nayo kwa nesi, maabara, kwa daktari, hadi dirisha la dawa. Akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la leso. Ilipomrudia karani aingize yaliyomo kwenye mashine, aliinyoosha kwa kiganja, taratibu, bila neno.

Baadaye watafiti waliolinganisha kabla na baada ya kompyuta waliona ziara ya mgonjwa imefupika kwa asilimia 22. Waliona pia wahudumu wakitumia muda mchache zaidi kuzungumza wao kwa wao, muda huo ukiwa umepungua kwa theluthi mbili. Hilo la pili Kogo angeweza kuwaambia bila saa mkononi.

Siku ile alipata vidonge vyake jirani yake akiwa katikati ya kisa cha mkwe aliyekimbia na mahari. Nikamshika mkono twende. Akajitoa, akarudi kukaa.

"Nyanya, si umeshamaliza?" karani akauliza.

"Dawa nimemaliza," akasema, akamgeukia mwenzake. "Ehe, huyo mkwe akasemaje?"