Kotama na Mafuta Yake

Kotama ya babu ilifuliwa kutokana na kipande cha springi ya gari. Chuma cha aina hiyo hushika makali vizuri, lakini hakina kinga dhidi ya kutu. Visu ving'aavyo vya jikoni vimechanganywa na kromiamu isiyopungua asilimia 10.5, na hiyo ndiyo siri yao; springi haina kiasi hicho. Nayo Bongwe, kijiji cha Kwale kisicho mbali na Ukunda na ufuo wa Diani, si mahali pa kuacha chuma kitupu. Kusi ikivuma huja na unyevu na chumvi ya bahari, na chumvi ikishatua juu ya chuma huvuta maji hata siku ambayo mvua haikunyesha.

Mgema ana adui mwingine tena. Tembo huanza kuchachuka lingali kibuyuni juu ya mnazi, na uchachu huo hula chuma. Asubuhi na jioni kotama hukata ncha ya kole, kijipande chembamba mno, ili utomvu uendelee kudondoka. Kotama yenye kutu haikati, huchubua. Kole lililochubuliwa hupunguza utomvu, na mgema hushuka na kibuyu chepesi ilhali nyumbani wanamngoja watu wa kula.

Kwa miaka mingi babu aliipaka kotama yake mafuta ya nazi, wala hakuna aliyemwuliza sababu. Magoti yalipomshinda, mnazi ukapandwa na mwanawe. Mjukuu, aliyekuwa mwaka wa kwanza wa chuo kikuu, akaja likizo, akaikuta kotama imeanza kufanya madoa mekundu karibu na mpini. Akaona aibu kwamba kitu kilichomlipia karo kinaliwa na kutu mbele ya macho yake. Akaenda kwa fundi wa magari, akapewa oili iliyokwisha kutumika, akaipaka kotama pande zote mbili na kuilaza usiku kucha.

Hoja yake haikuwa ya kipumbavu. Oili ya injini haikauki, haigandi upesi, na huzuia maji yasikifikie chuma. Asichokijua ni kwamba oili iliyotoka ndani ya injini imebeba masizi, asidi na vumbi la vyuma. Haifai kukaribia kitu kiendacho kinywani, na asidi yake yaweza hata kukidhuru chuma chenyewe. Alfajiri mjomba aliichukua gizani, akaifuta kwa suruali, akapanda. Jioni mnunuzi wa kwanza alionja, akatema, akauliza iwapo mgema amehamia gereji. Tembo la siku nzima likamwagwa mchangani.

"Baba," mjomba akamwambia babu, "huyu mpwa wangu amenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

Babu hakucheka. Aliitisha majivu, mchanga laini na maji ya moto, akamkabidhi mjukuu kotama. Alikataza limau, ingawa ndilo hukata harufu, kwa kuwa ukali wake huacha chuma na doa jeusi.

"Babu, kwani mafuta si mafuta tu?"

"Haya, yapake ya mbarika," babu akajibu. "Ni mazito, hukaa. Lakini wanywaji wangu watashinda chooni."

Kisha akaendelea kuyataja, moja moja, kama mtu anayehesabu jamaa zake. Mafuta ya simsim ni mazuri mwanzoni, lakini yakikaa hufanya gundi. Ya alizeti hufanya hivyo mapema zaidi, na kisu hunata katika ala. Ya cherehani ni mepesi na hayanati, yanafaa bawaba ya kisu cha kukunja au mkasi wa fundi nguo, si kisu cha chakula. Mafuta ya taa husafisha kutu lakini huruka, na chuma hubaki uchi. Vaselini yafaa kwa kisu kitakacholazwa miezi. Sifa, yale mafuta ya ini la papa ambayo wavuvi walipaka vyombo vyao, yanazuia maji kwelikweli, ila harufu yake haivumiliki. (Methali yatwambia mgema akisifiwa tembo hulitia maji; huyu hata angepakwa sifa ya aina hiyo, tembo lisingenunuliwa.)

Yakabaki ya nazi. Sehemu kubwa ya mafuta hayo, yapata asilimia 90, ni ya aina isiyoshikana upesi na hewa. Kwa hiyo hayafanyi gundi wala hayachachi mapema, na mdomo hauyakatai. Lakini yana sharti, na hapo ndipo babu alipomweka mjukuu jikoni mchana kutwa. Nazi ikunwe, tui lichemshwe hadi mafuta yajitenge, kisha yaendelee kukaa motoni maadamu yanatatarika. Kutatarika ni maji. Mafuta yaliyoepuliwa kabla hayajanyamaza hubeba maji ndani yake, na mtu huipaka kotama kutu akidhani anaipaka kinga. Yapakwe machache, kwa kitambaa kikavu, na kotama isilazwe ndani ya ala, kwa sababu ngozi hunywa jasho na chumvi.

"Sikiliza," babu alimwambia, mkono juu ya sufuria. "Sasa yamenyamaza."

Babu hayupo tena. Mjomba ameacha ugema, na kotama iko Nairobi, juu ya rafu ya vitabu ya mjukuu ambaye hajapanda mnazi hata mmoja. Chuma kisichofanya kazi hakina wa kukikagua kila alfajiri; yeye hukikagua kila mwisho wa mwezi. Mafuta ya nazi huganda joto lishukapo chini ya nyuzi 24 hivi. Nairobi, mwezi wa Julai, chupa huwa nyeupe kama nta. Huishika kati ya viganja vyake hadi pembeni paanze kulainika, akachovya kitambaa, akaanzia karibu na mpini.