Dala Niliyoifuta kwa Wino Mwekundu

Kila Jumamosi baada ya swala ya alasiri, wakusanyaji wa sarafu watano hukutana barazani kwa rafiki yetu mmoja hapa Ilala, mwendo mfupi tu kutoka Kariakoo. Kahawa chungu huwa tayari, na kashata kwenye sahani. Kila mmoja huja na sarafu aliyoipata karibuni. Anayekuja mikono mitupu hulipia kahawa. Tuna sharti moja tu: kabla mtu hajataja bei, aeleze kwanza jina la sarafu yake limetoka wapi. Kwa kuwa nilifundisha Kiswahili katika shule za sekondari mpaka nikastaafu, wenzangu wamenifanya mwamuzi wa majina. Cheo hicho nilikifurahia, hadi Jumamosi niliyokusudia kuisimulia leo.

Siku hiyo wa kwanza kufungua kitambaa alikuwa mzee wetu aliyewahi kuwa baharia. Mpwa wake alimletea kutoka Muscat sarafu ya baisa 50. Huko Omani, baisa 1,000 hufanya riali moja. Nilimwomba aitamke polepole, kisha nikatoa mkebeni mwangu kipande cha shaba cha mwaka 1891, kilichotolewa na kampuni ya Wajerumani iliyotawala pwani yetu, chenye tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili. Kipande hicho huitwa pesa, na 64 zilifanya rupia moja. Baisa ya Muscat, paisa ya Bara Hindi na pesa yetu ni neno moja lililovuka bahari kwa pepo za kaskazi na kusi, likabadilisha kanzu kila bandari.

Zamu yangu ilipofika, nikaweka mkekani hela moja ya mwaka 1913, ina taji na herufi ndogo J, alama ya karakana ya Hamburg. Mwaka 1904 Wajerumani waliziacha pesa 64 wakaigawa rupia kuwa hela 100. Jina lenyewe ni la mji: Hall, huko kusini mwa Ujerumani, ambako vipande vidogo vya namna hiyo vilitengenezwa tangu Zama za Kati. Utawala wa Wajerumani haukufika miaka arobaini, na hela yao haikuzunguka hata miaka ishirini. Lakini mtoto wa Ilala anayeomba hela ya barafu leo anautaja mji ule bila kuujua.

Wa mwisho alikuwa mdogo wetu kwa umri, mfanyabiashara wa vitenge Mtaa wa Kongo. Huyu niliwahi kumfundisha. Mpaka leo hawezi kukaa kabla hajasema, "Shikamoo, Mwalimu," nami nikaitika. Alifungua kiganja. Ndani mlikuwa na shilingi tano ya mwaka 1972, ile ya pembe kumi yenye sura ya Mwalimu Nyerere.

"Mwalimu," akasema, "jina lake nalijua. Lakini leo naomba ulitaje wewe."

Nikajibu bila kufikiri, "Dala."

Wenzangu wakacheka. Yeye hakucheka sana. Akanikumbusha insha aliyoiandika mwaka 1985, kuhusu safari yake ya kwanza ya kwenda mjini peke yake. Aliandika kwamba mama yake alimpa dala ya nauli na thumni ya andazi. Maneno yote mawili niliyapigia mstari kwa wino mwekundu, na pembeni nikaandika: "Hii ni lugha ya mitaani. Tumia Kiswahili sanifu."

"Sikukasirika, Mwalimu," akasema. "Ila tangu siku ile nikawa naandika maneno ya kwako tu, na ya kwako nilikuwa nayo machache. Insha zangu zikawa fupi."

Nilikumbuka kwamba kweli zilikuwa fupi. Wakati ule nilidhani ni uvivu.

Usiku ule sikupata usingizi mapema. Thumni niliyoikata ni Kiarabu cha moja ya nane, yaani sehemu ya nane ya riali. Ilikuwa mdomoni mwa watu wa pwani kabla ya shilingi kufika. Na dala ni dola, na dola ni taler, na taler ni ufupisho wa Joachimsthal, bonde la Bohemia lililochimbwa fedha katika karne ya 16. Kutokana na nauli ya dala moja tulipata daladala, neno ambalo sasa limo katika kamusi na hakuna mwalimu anayelikata. Yule kijana hakuwa amekosea. Aliandika historia ya karne nne katika sentensi moja, nami nikampunguzia alama.

Nikazikumbuka sarafu za Kilwa. Sina hata moja, wala sizitafuti; hizo ni mali ya kale na mahali pake ni makumbusho. Lakini kila mshairi wa Kiswahili anapaswa kuzijua. Sarafu za shaba za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyempokea Ibn Battuta mwaka 1331, zina jina lake upande mmoja, na upande wa pili zina tamko la kumtegemea Mungu. Na pande hizo mbili zinapatana vina. Huku mwisho ni Sulaiman, kule mwisho ni al-Mannan. Moja imepatikana Zimbabwe Kuu, na nyingine kutoka Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Mchuuzi wa Kilwa aliponunua samaki, alilipa kwa maneno yenye vina. Soko na ushairi vilikaa katika kiganja kimoja. Mimi ndiye niliyevitenganisha kwa kalamu nyekundu.

Jumamosi iliyofuata nilimwomba mwanafunzi wangu radhi mbele ya wenzetu. Akasema yamekwisha, kisha akaniachia ile dala iingie mkebeni mwangu. Nami nilimpa daftari jipya, nikamwomba aandike majina yote ya fedha anayoyasikia Mtaa wa Kongo: jero, buku, wekundu wa Msimbazi. Ameshajaza kurasa tatu, na sijakata neno.

Nanyi wasomaji, huko mliko bibi zenu waliziitaje sarafu? Andikeni kabla hayajapotea. Kwa heshima ya daftari lile, nafunga kwa ubeti huu:

Hela, dala na rupia, zimetoka mikononi,
Majina yamesalia, twayataja midomoni,
Shaba kutu huingia, ikafutika usoni,
Neno wakilitumia, halichakai sokoni.