Daftari la Michango

Nasomesha skuli ya msingi huku Konde, Pemba, na kwa miaka mingi kazi yangu ya kwanza asubuhi ilikuwa kudai. Elimu bila malipo ilitangazwa Zanzibar tarehe 23 Septemba 1964. Miaka ya 1990 wazazi wakatakiwa wachangie, na daftari la michango likakabidhiwa mwalimu wa darasa.

Kabla sijaita majina nilikwishajua nani atasimama. "Mwalimu, babaangu yuko dago anavua, kasema akirudi." Mwengine mamaake anangoja karafuu zikauke. Mtoto akirudishwa nyumbani msimu wa karafuu, hujui utamuona tena lini. Wala si kwamba walimu tulikuwa na roho mbaya. Chaki na karatasi za mtihani zikitoka kwenye michango hiyo hiyo.

Mwaka 2015 Serikali ya Rais Ali Mohamed Shein ikaifuta michango ya skuli za msingi. Mie hofu yangu ilikuwa chaki. Kumbe kazi ilikuwa kwengine: wale niliozoea kuwarudisha sasa walikaa darasani kutwa, na nikaanza kuona wasichokijua. Kijana wa darasa la nne alikuwa akifuata mstari kwa kidole, lakini maneno aliyatoa kichwani, kayashika kwa kuwasikiliza wenzake. Herufi hakuzijua. Tukawa tunabaki barazani, yeye na wengine wa aina yake, maana chumba kilikuwa kinangojewa na mkondo wa jioni, na wao wenyewe walikuwa wanangojewa chuo cha Kurani. Alisoma, alhamdulillahi, ingawa taratibu.

Kisha akaingia darasa la tano. Sera ya elimu ya 2006 ilitaka hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia hapo. Mtoto wa mjini ana tuisheni, pengine na kaka anayemfasiria nyumbani. Huyu wangu Kiswahili chenyewe alikuwa ndio kwanza anakisoma bila ya kidole. Michango imefutwa kwa wote sawasawa. Somo la hisabati bado halijawafikia wote sawasawa, na hilo halifutiki kwa tangazo.

Wazazi nao wamebadilika. Zamani mwenye deni akiniona sokoni Konde hupita njia nyengine. Siku hizi hunisimamisha kwenye samaki, aniulize kwa nini mwanawe kafeli hisabati na nani anayemsomesha. Namjibu kweli: mwalimu wa hisabati tunaye mmoja, na sayansi pia ni yake.