Nani Atamsifu Mkaguzi wa Nyumba Bwiza?

Nyumba yangu imetumiwa kadi ya siku ya kuzaliwa. Si mimi, nyumba. Kadi imekuja kwa posta, ina picha ya keki yenye paa, na ndani yake yule jamaa aliyeikagua kabla sijainunua anaitakia heri, kisha ananikumbusha kwamba kama nina rafiki anayetafuta nyumba hapa Fort Worth, yeye bado yupo. Mwaka jana alituma sumaku ya kubandika kwenye friji. Mama yangu mzazi hajawahi kutumiwa kadi na mtu yeyote duniani, lakini ukuta wangu unapongezwa kila mwaka.

Kazi yake lakini aliifanya, hilo simnyimi. Alikuja asubuhi na ngazi, tochi, na kamera inayoonyesha unyevu uliojificha nyuma ya rangi. Alitambaa darini, akafungua kila bomba, akachomeka kidude chake katika kila soketi. Jioni nikapata ripoti nene, imejazwa kwenye fomu ya Texas Real Estate Commission, tume ya jimbo inayowapa wakaguzi leseni, na mbele ya kila kitu kuna visanduku vinne: kimekaguliwa, hakikukaguliwa, hakipo, kina kasoro. Kurasa nzima zilihusu msingi, maana udongo wa huku ni mfinyanzi, unavimba ukinywa maji na kusinyaa jua likiwaka, na nyumba inapasuka. Ndiyo maana wakati wa joto watu wanatandaza mipira yenye matundu kuzunguka kuta na kumwagilia msingi. Nilipompigia bibi kumwambia kwamba Wamarekani wanamwagilia nyumba, aliuliza inazaa nini.

Hizi kadi na sumaku zina sababu zake. Texas mnunuzi anamlipa muuzaji pesa kidogo ili apate siku chache za kufikiri, na ndani ya siku hizo anaruhusiwa kughairi. Mkaguzi anaishi kwenye kidirisha hicho. Anayempa wateja zaidi ni dalali, lakini sheria inamkataza mkaguzi kumlipa dalali ili amletee wateja. Basi afanyeje? Anapeleka donati ofisini kwa madalali na kusimulia utani. Kisha anakuomba nyota. Wiki nzima baada ya ukaguzi simu yangu ilikuwa inalia: nyota tano tafadhali, neno moja tu la kuwasaidia wengine. Nilimpa ili anyamaze.

Sasa mtoto wa kaka yangu, aliyesomea ujenzi, amefungua biashara hiyo hiyo Bwiza, mtaa wa Bujumbura. Amenitumia karatasi ya matangazo kwa WhatsApp: kijana mwenye kofia ngumu ameshika rula, na maneno yote ni Kifaransa, kana kwamba wenye nyumba wa huko wote wamemaliza lisee. Anataka nimchangie droni.

"Tanti, huko kwenu wanajitangazaje?"

Nikamweleza habari za sumaku za friji.

"Friji ipo, Tanti. Umeme ndio haupo."

Si kwamba nyumba zetu hazihitaji kukaguliwa. Usiku wa tarehe 9 Februari 2014 mvua iliangusha nyumba kaskazini mwa Bujumbura na watu zaidi ya 60 wakafa. Kuta nyingi zilikuwa za rukarakara, matofali ya udongo mbichi, ambayo yakishalowa yanarudi kuwa udongo. Mwaka 2020 mto Rusizi ulifurika ukaingia Gatumba. Ziwa Tanganyika nalo likapanda hadi kwenye sebule za mtaa wa Kibenga, kwa watu waliolipa pesa nyingi ili wakae karibu nalo. Na mto Ntahangwa unaendelea kumega kingo zake, nyumba zikining'inia juu yake. Mtu mwenye macho na elimu, wa kusema "hapa usinunue", tunamhitaji kuliko hawa wa huku wanaoandika aya tatu juu ya kitasa.

Lakini jaribu kubisha hodi. Kijana amesimama getini, ana daftari, anaomba kuingia ndani kuangalia dari. Bwiza! Waliokuwepo wakati wa machafuko ya 1995 na ya 2015 sina la kuwaeleza. Watu waliokuja kupekua nyumba zetu hawakuwa wanatafuta unyevu. Siku ya kwanza ya mwanetu, geti zilifungwa safu nzima na mtu akakimbia kumwita nyumbakumi. Siku hizi daftari ameliacha nyumbani na anatembea na fundi bomba, kwa sababu fundi bomba anaingia popote.

Halafu kuna hili, ambalo sijui hata kama ni la mkaguzi: mnunuzi wa kwetu haogopi ufa, anaogopa mrithi. Dar wanaandika ukutani "Nyumba hii haiuzwi" na kila mtu anaelewa kwamba kuna ndugu aliyejaribu kuiuza. Parseli ya Bwiza ilinunuliwa na babu, ikaachiwa watoto saba, mmoja yuko Uvira, mmoja Kigoma, na kwenye matanga akatokea mke ambaye hakuna aliyemjua. Serikali ya Burundi iliunda tume ya ardhi na mali, CNTB, mwaka 2006, na kesi zake zilizaa kesi nyingine. Kamera ya unyevu haimwoni mke wa pili. Anayemwona ni mama anayeuza ndagala kwenye kona ya avenyu, na ukaguzi wake unalipiwa kwa kununua ndagala. Mwanetu angekuwa na akili angemwajiri huyo mama kabla ya kununua droni.

Wateja wake halisi ni sisi wa nje, na hapo ndipo roho inaponiuma. Dada yangu wa Brussels anajenga Carama, mtaa mwingine wa Bujumbura. Kwa hesabu ya mifuko ya saruji aliyokwisha kulipia, ile nyumba ingekuwa na ghorofa. Picha anazotumiwa zinaonyesha mbele tu: mlango mzuri, nguzo mbili, fundi na wasaidizi wake wamesimama wanacheka. Ukiomba picha ya nyuma, simu inaishiwa chaji. Msimamizi wa ujenzi ni kaka yetu mkubwa. Ndiyo, baba yake mkaguzi.

Nawaomba msimwite kaka yangu mwizi. Najua saruji ilikokwenda. Mifuko mingine ililipa matanga ya baba mdogo, ambayo sisi wa nje tuliyatumia salamu. Mingine imelipa karo za watoto wa dada yetu mjane, na mmoja katika hao amefaulu mtihani wa taifa tukashangilia wote kwenye kikundi cha familia. Katika ile fomu ya Texas hakuna kisanduku cha ukuta ambao umeliwa kwenye matanga. Ungeandika nini? Hakipo? Kina kasoro?

Kwa hiyo mnaona biashara ya mwanetu ilipokwama. Fort Worth mkaguzi anaishi kwa nyota na sifa za hadharani. Bujumbura hatuna tangazo jingine zaidi ya mdomo wa mtu, na hii ndiyo huduma ambayo mteja aliyeridhika hawezi kuisifu. Aseme nini kwenye harusi? "Nilimlipa kijana akaenda kuchunguza nyumba anayosimamia ndugu yangu, alifanya kazi safi sana"? Kesho yake atakuwa hana ndugu. Kijana anaweza kukagua nyumba mia za watu wa nje na asijulikane na mtu hata mmoja.

Dada ameamua kumlipa. Kijana atakwenda Carama Jumapili kumpelekea baba yake chakula, na wakati mzee anakula atapita nyuma ya nyumba akiwa na simu yenye chaji. Bei tumekubaliana kwa faranga, droni haihusiki. Jana aliuliza risiti iandikwe kwa jina la nani. Dada amesema jina langu. Mimi nimesema la shemeji, Mbelgiji, kwani yeye hata akikasirikiwa hataelewa.