Nilisomea Riwaya Vichanjani

Kifua kikuu ndicho kilichonitoa ziwani. Mvuvi wa usipa anayekohoa damu hapandi mtumbwi usiku, na dawa zake ni za miezi sita, kila siku bila kuruka. Deni la nyavu lilibaki palepale, wanangu wakawa wanakula kwa shemeji.

Kukaa kutwa ndani kulinichosha kuliko dawa, nikaanza kuandika riwaya kwenye kauntabuku. Niliandika juu ya Pomonda, jiwe letu kubwa hapa Liuli, kando ya Ziwa Nyasa. Wazee husimulia kwamba watu walijificha pangoni mwake Wangoni walipokuja kuteka. Nilijipa moyo kwa habari za Padri William Percival Johnson, mmisionari aliyefariki 1928 na kuzikwa hapahapa: macho yake yalikuwa karibu yamekwisha, na bado alitafsiri Biblia kwa Chinyanja. Yangu yalikuwa mazima.

Nikauza mbuzi, nikalipia kuchapiwa steshenari Mbinga, nikautuma mswada kwa mchapishaji mmoja. Kimya. Nilipopiga simu nikaambiwa haujulikani ulipo. Kauntabuku ndiyo iliyoniokoa. Nakala ya mwisho haitoki nyumbani, hata aombe nani.

Ndugu zangu walioisoma riwaya waliniambia, "Nzuri sana, kaka." Sasa hapo unarekebisha nini? Nikaenda ufukweni, kwa akina mama wanaoanika usipa vichanjani. Mikono yao ina kazi, masikio yako wazi. Nikawa nawasomea kwa sauti, sura moja moja, na pale walipoanza kuulizana bei ya ndoo nilitia alama kwa kalamu. Hawakujua kwamba wananihariri.

Siku moja bibi mmoja akanikatiza: "Mjukuu wangu, humo pangoni walikuwa wanakula nini? Na mtoto akilia je?"

Sikulala usiku ule. Niliandika sura yote upya, nikiianzia kwa mama anayemnyonyesha mwanawe gizani ili asitoe sauti, maziwa yakiwa yameanza kumkauka. Mpaka leo ndiyo sura ninayoombwa kuirudia.

Tangu hapo simwulizi mtu kama hadithi ni nzuri. Namwomba anisimulie alichosikia. Alichokiruka nakwenda kukitazama tena. Sijitetei pia. Akisema hapo hajaelewa, nikimfafanulia kwa mdomo nimemsaidia yeye peke yake, na kitabu kimebaki vilevile. Msikilizaji mmoja akilalamika, nafikiri. Wakikwama watatu mahali pamoja, nafuta. Wakianza kunipangia mwisho wa hadithi, naitikia kwa adabu na kufuata wangu. Ila kwa mambo ya ziwa nawatii. Wavuvi walikataa katakata mtumbwi wangu kuvuka wakati wa upepo wa mwera, na mtumbwi ukasubiri.

Nimepona. Deni limelipwa kwa usipa, riwaya haijaleta hata senti. Mswada nauandaa kwa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na tayari nimerudi nao vichanjani.

Nawe uliye na mswada uvunguni, utoe wiki hii. Mtafute mtu asiye na sababu ya kukusifu, umsomee kwa sauti, kisha unyamaze umsikilize.