Mwanalejio wa Merigi

Wakatoliki wa Merigi tulikuwa wachache. Upande huu wa Bomet wamisionari wa Tenwek walitutangulia, na majirani zetu wengi walikuwa wa kanisa la Africa Gospel. Jimbo la Kericho lilikuwa bado halijaundwa. Liliundwa mwaka 1995. Kabla ya hapo askofu wetu alikaa Nakuru, na padre alipofika ilikuwa habari ya kijiji kizima. Dini ya siku za kazi tuliipata kwa kogo, nyanya yetu mzaa baba, na wenzake wa Lejio ya Maria.

Si ile Legio Maria ya Nyanza, kanisa lililojitenga na Wakatoliki miaka ya 1960. Kogo alichoka kulieleza hilo. Yake ilianzia Dublin mwaka 1921, ikasambazwa Afrika Mashariki na Edel Quinn, binti wa Ireland aliyetamani kuwa mtawa wa ndani, kifua kikuu kikamzuia. Aliondoka kwao mwaka 1936, akazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika akianzisha vikundi huku mapafu yakimwisha, hadi akafia Nairobi tarehe 12 Mei 1944, akiwa na miaka 36. Kogo alimwita "yule msichana", kana kwamba ni binti wa ukoo aliyeolewa mbali.

Kila mwaka, karibu na tarehe 25 Machi, wanalejio hujiweka wakfu upya katika ibada iitwayo Acies. Mwanachama husogea mbele, huweka mkono juu ya kibendera cha Lejio, na kutamka kwamba yeye mzima, na vyote alivyo navyo, ni mali ya Maria. Sasa, Machi kwetu mvua ndiyo inashuka. Chai inachipuka kwa fujo, na usipoichuma kwa wakati majani hukomaa, karani wa kituo cha kununulia chai akayakataa.

"Mama, majani yatakomaa," mama yangu alimwambia kogo, aliyekuwa akienda kwenye ibada hiyo.

"Basi yakomae."

Mama alibaki shambani akinung'unika, sisi watoto tukimsaidia. Hakuwa mpinzani wa sala. Aliona tu kwamba katika hivyo "vyote" mlikuwemo na mgongo wake.

Mkutano wa kila wiki ulikuwa na utaratibu usiobadilika: kitambaa cheupe mezani, sanamu ya Bikira Maria, mishumaa miwili, maua. Walianza kwa rozari wakiwa wamepiga magoti. Baadaye kila mmoja alitoa ripoti ya kazi ya wiki, maana Lejio huwataka wanachama wafanye kazi ya kitume, na waende wawili wawili. Ripoti ni siri, kwa hiyo tulifukuzwa. Ukuta ulikuwa wa mbao, na mbao zina nafasi. Tulisikia nani alimtembelea mgonjwa, nani alifukuzwa mlangoni, nani hakwenda popote na sasa anatafuta maneno. Kwa maoni yangu kujitoa kwao kulipimwa zaidi pale, katika aibu ya kukosa la kusema, kuliko katika maneno mazito ya Machi.

Kogo hakuwa hodari wa mabishano. Jirani mmoja alimwambia waziwazi kwamba anaabudu sanamu. Jirani huyo alipovunjika mguu, kogo na mwenzake walimpelekea kuni na maziwa ya mursik wiki baada ya wiki. Aliyapokea maziwa, na maoni yake kuhusu sanamu hayakubadilika. Ripoti ya kogo ilisema tu kwamba mguu unapona.

Miguu yake mwenyewe ilipochoka, akawekwa kwenye wanachama wasaidizi, ambao kazi yao ni kusali: rozari kila siku, pamoja na sala za Lejio. Hakupendezwa. Alisema kusali umekaa ni kazi ya wavivu, akaanza kututuma sisi wajukuu kwa wagonjwa wake, na tuliporudi alitutaka tusimame wima tutoe ripoti.